Babu Yako na Mbuzi wa Kalerwe

Mjukuu wangu Zainabu,

Hapa Kampala tu wazima, na shangazi yako amejifungua binti. Unauliza kipi kinashinda kwenye mdahalo, hoja au hadithi.

Nilipotaka kuolewa na babu yako, wakati huo akiwa polisi, nilimweleza baba kwa hoja tatu kwamba ni mpole. Akajibu, "Polisi simtaki."

Babu yako alipokuja hakujitetea. Alisimulia alivyomkimbiza mbuzi aliyeiba kabichi sokoni Kalerwe, akaangukia nyanya za watu, na mbuzi akasimama kumtazama. Baba alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Anayejicheka hivi hawezi kumtesa binti yangu," akasema, kana kwamba upole huo kaugundua yeye.

Nilimeza hoja zangu, nikaenda kuwaletea chai.

Nakuombea heri,
Bibi yako Hawa