Kibali Nilichokipiga Laminesheni

Mwenzio nimejifungia chooni hapa kazini. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unaujua mdomo wangu? Tulikuwa tunapiga pasi mashuka ya hoteli, redio ikaanza habari za wahamiaji. Nikaropoka, "Waliopita njia za panya warudishwe wote! Sisi wengine tulipanga foleni!" Nikamgeukia Mama Pacha, yule aliyeanza kazi juzi. "Eti mwenzangu, wewe ulipitia wapi?"

Akaendelea kunyoosha shuka lake.

Mimi huyo, nikachomoa kibali changu cha kuishi, kile nilichokipiga laminesheni nikakitembeza kama medali. Nikamtupia mezani. "Soma! Hivi ndivyo watu wanavyoingia nchi za watu."

Akasoma. Akasoma tena. Wote wanamtazama. Akasema, "Kiko sawa, dada," akakirudisha kifudifudi.

Baadaye akanifuata kwenye kamba za kuanikia, akaninong'oneza, "Kimeisha muda tangu mwezi wa tatu. Sikutaka wasikie."

Mwezi wa tatu!! Yaani miezi sita hii wa kurudishwa ni mimi!

Na yeye alipitia wapi? Sijui. Sina tena mdomo wa kuuliza.