Kitambaa cha Seva

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kulalamika kila unapoinuka. Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Moyo ndio umenienda mbio wiki nzima, na sababu utaiona mbele. Tafadhali usianze kusoma mwishoni kama kawaida yako.

Ile seva ya ofisini, kompyuta kubwa inayotunza kazi za watu wote, ilianza kujizima yenyewe kila siku kabla ya saa sita. Watu wakanivamia mezani, maana mtunza kompyuta ni mimi. Karani akamnyooshea kidole mama msafishaji, eti anachomoa waya akipiga deki. Mama wa watu akaapa kwamba hata kuisogelea anaogopa. Mkurugenzi akampa hadi Ijumaa, tatizo lisipokoma aende zake.

Nikaona badala ya kupakaziana, mashine ijisemee. Seva hizi huja na vipimo vyake ndani, kama mgonjwa aliyezaliwa na daktari wake tumboni. Nikaiwasha upya, nikabonyeza kitufe chake kabla haijaamka vizuri, nikachagua kipimo kirefu. Masaa matatu nimekodoa macho! Kumbukumbu, nzima. Diski, nzima. Feni, nzima. Kesho yake majibu yaleyale, na kesho yake tena ikazimika. Fundi umeme akaniuliza kama nimeshajaribu maombi.

Alhamisi, nikijiandaa kupima mara ya tatu, mkono ukasita. Mama, kila nikipima huwa naivua kwanza kile kitambaa cheupe cha maua ulichonifumia niifunike, vumbi lisiiingie. Nakikunja vizuri, napima, nikimaliza naivisha tena. Safari hii nikaipima ikiwa imevaa. Hata nusu saa haikufika, skrini ikawa nyekundu: joto limezidi. Maua yako yalikuwa yameziba matundu yote ya hewa.

Niliona aibu, mama. Ila mtu hawezi kufukuzwa kazi kwa maua yetu, nikaenda kukiri mbele ya wote. Mama msafishaji amebaki, ingawa hadi leo salamu yangu anaijibu akiangalia ndoo.

Sasa lililobaki ndilo zito. Waliponiuliza nani alifuma, sikukubali jina lako lipite midomoni mwa karani yule. Nikasema nimefuma mwenyewe. Nilidhani watacheka yaishe. Kumbe mkurugenzi alikigeuza huku na huku, akausifu mkono wangu, akataka vinne vya viti vyake, na kuanzia Jumatatu nimfundishe wakati wa mapumziko.

Basi naja Jumamosi asubuhi. Niandalie uzi na sindano, uniketishe pale pale nilipokukimbia ukinifundisha kufuma nikiwa na miaka saba, na mara hii ufunge mlango.

Wasalimie wote nyumbani, ila kaka usimsomee barua hii.

Mimi mwanao,
ambaye ofisi nzima sasa inamwita Fundi Sindano