Niligonga Chungu Nikasikiliza

Doha, 9 Machi 2013

Mama,

Mimi mzima, ila joto limeanza. Hapa hotelini West Bay, ninakosafisha, amekuja mama mmoja mzee, mfinyanzi wa kabila la Wapueblo kule Marekani, kuonyesha vyungu vyake. Huvichora kwa ncha ya kisu, mistari ileile aliyoachiwa na nyanya yake.

Jana nikipangusa meza nilikishika kimoja, nikakigonga kwa kidole na kusikiliza, vile ulivyonifunza kutafuta ufa. Akacheka: "Mama yako ni mfinyanzi!" Msimamizi wangu, Melissa, alikuwa karibu. Nikajibu, "Hapana, ni mwalimu." Yule mama akautazama mkono wangu.

Mama, kuna jambo lilinishinda kusema kwenye simu. Kile chungu chako chenye michoro uliyoachiwa na nyanya, nilikwambia kilipasuka ndani ya ndege, nawe ukajilaumu kwamba hukukichoma vizuri. Hakikupasuka. Nilikiacha uwanja wa ndege Nairobi, chini ya kiti, kwa sababu wenzangu walikuwa na masanduku mapya.

Kabla ya kuondoka nilikigonga. Kililia safi kabisa.

Mwanao,
Awuor