Vidonge vya Kaka wa Nakuru

Bi Zuhura,

Sina kaka Nakuru. Sijawahi kuwa naye. Nadhani ulijua tangu siku ya kwanza, lakini hatukulisema, na sasa umekufa nami nimechoka kulinyamazia.

Pasipoti yangu ilisema mwanamke. Nililala mtaa wa Naif, huko ugenini kwa Waarabu, chumba kimoja na walinzi wenzangu wa kike sita, na hakuna aliyejua kwamba mimi ni mwanamume ila mimi mwenyewe. Wanaume kazini walikuwa wakimeza vidonge vya misuli kutoka kopo jeusi, vya kununua tu dukani bila kuulizwa kitu. Kopo lilisema vinaongeza homoni ya kiume. Wao walimeza viwili kwa siku. Mimi nilimeza sita, maana wao walitaka vifua tu, mimi nilitaka sauti, ndevu, kila kitu.

Kopo lilipokwisha nikaja kwenye duka lako la dawa, mtaa wa Oud Metha, kutafuta jingine. Nikasema ni la kaka yangu, yuko Nakuru, anafanya mazoezi. Ukavaa miwani ukasoma kopo, kisha ukanisoma mimi macho.

"Mkojo wa kaka yako una rangi gani?"

"Kama chai ya rangi," nikajibu upesi, mjinga mimi. Kaka wa Nakuru, na mkojo wake naujua.

Hukucheka. Ulisema, "Haya. Mwambie aache leo leo, asingoje kesho. Na wewe, maadamu damu yenu moja, twende ukapimwe." Ukamwachia msaidizi wako kaunta, ukanishika mkono hadi zahanati ya jirani. Ini lilikuwa limeumia. Daktari alisema kama ningeendelea kumeza wiki chache tu zaidi, pengine nisingepona.

Miezi ile ya kupona ulinifundisha mengi, yote kwa jina la kaka. Kwamba kopo kama lile huenda halina homoni yoyote, au lina kitu kisichoandikwa, na hakuna ajuaye kiasi gani. Kwamba homoni yenyewe ipo, na wako madaktari wanaoitoa kwa watu kama kaka, lakini kwanza wanapima damu na presha, na wanaendelea kupima. "Hapa asijaribu, atajitia matatani. Amalize mkataba, arudi kwao, amtafute daktari. Mimi namtaka mzima," ukasema, kana kwamba kaka hayuko Nakuru.

Nilikuchukia kidogo kwa kunitaka nisubiri. Miaka miwili, Bi Zuhura! Lakini ulikuwa mtu wa swala tano na ushungi, ungeweza kunifukuza, ungeweza kumpigia simu kafeel, tajiri aliyeshika viza yangu. Badala yake ulinisitiri, tena bila kunifanya nijione mdogo. Sijaona mtu jasiri kama wewe, na ulifanya yote umekaa kwenye kigoda chako nyuma ya kaunta.

Sasa niko Nairobi. Nina daktari, najichoma sindano za homoni, napimwa. Sauti imeanza kushuka. Mama akipiga simu anadhani nina mafua. Nilitaka kukutumia ujumbe wa sauti, nikasema ngoja itulie kwanza, isikwame katikati kama ya mtoto wa darasa la saba. Nikangoja. Kisha mwanao Idrisa akaniandikia kwamba umeondoka, presha. Nilikasirika, sikufichi. Wewe uliyempima presha kila dereva wa teksi aliyeingia kununua dawa ya kichwa, yako ulimwachia nani?

Alhamisi napimwa tena. Kuna siku natamani kuongeza dozi ili mambo yaende mbio, lakini sirudii kosa lile. Zamani sikuogopa kufa, niliogopa kuchelewa tu. Siku hizi nafunga mkanda hata kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Kwaheri, Bi Zuhura. Mungu akulaze pema. Nakuahidi nitazeeka, inshallah, na kipara juu.