Jino la Bravin

S.L.P. ya Maabara,
Nairobi.
11 Juni 1996

Dada mpendwa Edith,

Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Awendo, wewe na shemeji Machuki, na kwamba mvua haijaharibu barabara ya kutolea miwa. Mimi mwili haujambo. Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara tatu.

Unasema wazee watakaa Jumamosi, na unataka nije, mimi niliyesoma, niape kwamba mama mkwe wako Nyanchoka ndiye aliyemroga mwanao Bravin. Ushahidi wako ni ule ule: alimng'oa mtoto jino lililolegea, akalitupa juu ya bati kama bibi wote wanavyofanya, na kabla ya mwezi kwisha taya likavimba. Ukamtolea vyungu nje, akaondoka huku akirushiwa mawe.

Mwezi uliopita nilimwona huko Kisegi, ufukweni, anaanika omena za watu. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama mtoto aliumia alipomng'oa lile jino.

Edith, jino lililegea kwa sababu uvimbe ulikuwa tayari ndani ya taya. Kila seli ya mwili hupewa amri ya kukua, na ikiharibika hupewa amri ya kujiua. Katika seli za Bravin, protini moja inayosukuma kukua ilitengenezwa kupita kiasi, zikagawanyika bila breki. Lakini protini hiyo hiyo ikizidi huisogeza seli karibu na kifo, na dawa kidogo tu huzimaliza kwa maelfu. Uvimbe wa aina ile ukiwahiwa huyeyuka kama mafuta kikaangoni. Ukicheleweshwa, kila siku chache unakuwa maradufu.

Sasa keti kwanza. Kule hospitali Homa Bay nilikwambia dawa haijafika kutoka Nairobi. Ilikuwa imefika. Niliileta mwenyewe, ndani ya ule mkoba uliokuwa ukiulalia kando ya kitanda cha mtoto. Mkubwa wangu wa maabara alitaka nyama ya uvimbe ambao haujaguswa na dawa. Kipande cha kwanza kiliota kuvu, nikaahidi kingine, na daktari wa wodi nikamwambia familia imeomba tungoje. Tulingoja siku tisa. Dawa ilipoanza, Bravin hakuweza tena kumeza mate. Nawe ulinishukuru kwa kuhangaika.

Nilipandishwa cheo kwa kazi ile. Uliposema Nyanchoka ni mchawi nilinyamaza, maana niliona afadhali yeye kuliko mimi.

Zile seli za uvimbe wa Bravin bado ziko hai, tunazikuza chupani. Tumezitia protini nyingine, nayo kwa wingi, inayozuia amri ya kufa, na sasa hata dawa ile zinaistahimili. Chupa zimeandikwa B.M., jina la mwanao na la baba yake.

Sitakuja Jumamosi. Wasomee wazee barua hii, kisha umfuate mama wa watu Kisegi umrudishe. Dawa niliificha mimi, lakini vyungu ulivitoa wewe, na hilo sitakubebea. Msamaha siuombi, kwa sababu najua ningekuwa wewe nisingeutoa.

Msalimie shemeji, kama bado atataka salamu zangu. Jumamosi nitakuwa kazini. Seli hizi zisipobadilishiwa chakula kwa siku chache hufa, na tangu Bravin azikwe sijazichelewesha hata siku moja.

Kaka yako,
Boaz