Mluzi wa Karanga

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Amefika! Sandra. Miaka ishirini na tatu, buti zinang'aa mpaka unaweza kuchana nywele ukijitazama ndani yake. Ana cheti cha kupanda farasi kutoka Nairobi. Madam Mugure mwenyewe, mwenye hawa farasi, ndiye aliyemleta na gari hapa Isinya. Akanitambulisha: huyu ni Nasike, saisi wetu, farasi wote anawajua kwa tabia. Halafu akasema Sandra ndiye atakayempanda Karanga na kumfundisha kanta, zile mbio laini za hatua tatu, kabla ya maonyesho ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Sikuiangusha. Bado nashangaa.

Januari Madam aliniahidi nini? Kwamba siku Karanga atapiga kanta na tandiko, mtu akiwa mgongoni, atakuwa wangu kupanda, hata kwa maonyesho. Nimemfundisha kutembea. Nimemfundisha troti, mbio fupi za kudundadunda. Nimezunguka naye kwa kamba ndefu mpaka kizunguzungu. Kanta yenyewe anaijua, ila kwa kamba tu, mgongo mtupu. Ilibaki hatua moja, na hatua hiyo imepewa buti.

Na huyo Karanga! Ameenda moja kwa moja kunusa mfuko wa Sandra. Farasi jike wa miaka minne, hana aibu hata kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Sandra amempanda asubuhi yote. Anambana kwa miguu, Karanga anakaza troti. Anabana tena — troti kali zaidi, na Sandra anarukaruka huko juu kama bisi kwenye sufuria. Kanta hakuna! Nilisimama kwa fensi na beleshi langu, nikijifanya niko na kazi. Mungu anisamehe, leo chai imekuwa tamu bila sukari.

Sababu naijua. Februari vumbi lilinikausha koo, sauti ikapotea wiki mbili. Nikawa nampigia Karanga mluzi, ule ule jirani yetu Parsaloi anapigia ng'ombe wake: mmoja mfupi, halafu mmoja mrefu. Akaushika siku ya tatu. Sauti iliporudi nikaendelea na mluzi, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi. Kwa hivyo kwake kanta ni mluzi. Miguu haimwambii kitu. Kosa ni langu, nilipaswa kumzoesha na miguu pia.

Lakini nani ameniuliza?

Ijumaa, 8 Agosti

Ameniuliza.

Nilikuwa nasugua tandiko. Akaja na mandazi kwa karatasi, ya moto. "Anty Nasike, please, kwa kamba ulikuwa unamwambiaje ndio a-canter?"

Anty! Niko na miaka thelathini na sita.

Nikamwambia hakuna maneno, ni mwili tu, farasi anasoma mwili. Akashukuru kweli kweli, akaandika kwa simu yake. Mandazi nimeyakula yote manne. Angalau angekuwa na madharau ningemchukia kwa raha.

Jumapili, 10 Agosti

Leo zamu yangu, sikuenda kanisa. Madam kanisani Kitengela, Sandra kwao. Niko peke yangu na farasi sita.

Nimempanda.

Nimeandika. Basi. Nilimtandika Karanga, nikakaza mshipi, nikapanda kutoka kwa ndoo. Bila ruhusa. Tukatembea, tukaingia troti. Kwa kona ya mwisho nikapiga mluzi — na akainuka! Mgongo ukaja juu, ukaenda mbele, polepole, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, hata machozi yakanitoka kwa upepo. Si kwa upepo. Tulizunguka mara nne.

Kanta yake ya kwanza ni yangu. Na siwezi kumwambia mtu. Madam alimfuta kazi mwenzangu Khisa kwa kupanda bila ruhusa, siku hiyo hiyo.

Nimemsugua jasho mpaka likaisha.

Jumanne, 12 Agosti

Sandra amejaribu na fimbo. Alimgusa tu, hakumchapa, lakini Karanga alilaza masikio na kugoma katikati ya uwanja. Madam alikuwa anatazama. Akasema pengine huyu ni kichwa ngumu tu. Akasema tena, kama mtu anayezungumzia kiti, kwamba asipopiga kanta kufikia Jumamosi atampeleka Mashuuru kwa shemeji yake, awe wa kubeba wageni kwa matembezi.

Mashuuru! Kila siku mtu mpya mgongoni, anavuta mdomo wake.

Nikisema, Sandra anapata Karanga. Nikinyamaza, hakuna anayempata. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili nikauliza kama wanataka chai.

Wivu si ugonjwa unaoonekana, la sivyo ningekuwa nimelazwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Ni mimi. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Saa tatu asubuhi Sandra alikuwa kwa troti, hatamu amezilegeza, anamsugua Karanga shingo. Parsaloi akapita nje ya fensi na ng'ombe wake, njia yake ya kila siku. Ng'ombe mmoja akabaki nyuma. Parsaloi akapiga mluzi. Mfupi. Mrefu.

Karanga akaruka kwa kanta. Sandra akabaki hewani, halafu chini.

Nilikimbia. Amelala kwa vumbi, mkono umepinda, na anacheka! "Anty, umeona? Amecanter!" Kisha akaanza kulia.

Karanga alizunguka mara mbili peke yake, akaja kusimama mbele yangu, shingo chini. Hivyo ndivyo anafanya tukimaliza kwa kamba, akingoja karoti. Sandra alikuwa anatuangalia akiwa pale chini. Alituangalia sana.

Madam akamfokea Parsaloi, eti ng'ombe wake wameshtua farasi, asipite hapa tena. Parsaloi alisema pole mara tatu, kisha akasema njia hii ni ya babu yake. Alipoondoka hakunisalimu "supa" kama kawaida.

Na mimi? Nilishika farasi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sandra amerudi na plasta mpaka kwa kiwiko. Madam amesema leo nipande mimi, ajue kama Karanga ni wa maonyesho au wa Mashuuru. Amesema tu hivyo, akiangalia saa. Miezi saba nimengoja hayo maneno!

Nimemtandika. Sandra akaja kwa fensi, akamshika Karanga pua na mkono ule mzima. Akaongea chini chini, Madam asisikie: "Anty, utapiga mwenyewe, ama nikupigie?"

Nikauliza apige nini.

 Alinitazama tu bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nikasema nimesahau kofia. Sasa niko stoo ya matandiko, nimekalia gunia la pumba, kofia iko kichwani tayari. Madam ananiita mara ya pili. Nikitoka nianze kwa kusema Parsaloi hana kosa? Au nipande kwanza, halafu niseme? Nikipanda kwanza sitasema, najijua.

Nje kuna mluzi. Mfupi, halafu mrefu. Si Parsaloi, tangu juzi anazungukia mbali.

Na Karanga analia kumjibu.