Kwa Mama Sponji, Uliyemsomesha Daktari Asiyekuwepo

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoweka nyundo chini, ukasema kifua kinakubana, ukaketi kwenye kochi la mteja. Wewe ambaye hukuwahi kumruhusu mtu akalie kochi la mteja. Hukuinuka tena. Kochi lile tulilimalizia sisi, na mwenyewe alipokuja kulichukua hakuuliza kwa nini limechelewa.

Mtaa mzima ulikuita Mama Sponji, na jina likakukaa. Ulivisha makochi ya watu miaka ishirini na mitatu, misumari midogo ikiwa mdomoni, ndiyo maana wateja wengi hawakuwahi kusikia kutoka kwako zaidi ya "mhm". Vitu ulivyovikuta ndani ya makochi yao, funguo, pete, na mara moja meno ya bandia, uliviweka kwenye kopo ukavirudisha kwa wenyewe bila jirani kujua. Yule mjane wa nyumba ya kona mpaka leo anakalia kiti ulichomvisha bure, ukamwambia kitambaa ni mabaki tu. Kilikuwa kipya, Mama. Mimi ndiye niliyetumwa dukani kukinunua. Tulipaswa kujua tangu hapo kwamba uongo wa huruma haukukupa shida.

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusomea udaktari nje ya nchi, uliuza kiwanja chako, kile ulichokusudia kujenga karakana yenye paa lisilovuja. Baba naye aliuza viti viwili vya saluni yake ya kinyozi, akabaki na kimoja, wateja wakawa wanangoja zamu hadi nje barabarani. Hakulalamika hata siku moja. Baadaye alibandika kwenye kioo picha ya mdogo wangu akiwa ndani ya koti jeupe, na kuanzia hapo hakuna aliyenyolewa pale bila kusikia habari za "daktari wangu".

Koti lile lilikuwa la maabara ya udongo. Hilo ulilijua wewe peke yako.

Sasa tunajua ilivyokuwa, maana mdogo wangu ametusimulia. Mwaka wa pili alikupigia simu akilia. Udaktari umemshinda, kila akiingia chumba cha kupasulia maiti anatoka mbio, na moyo wake umeangukia kwenye masomo ya udongo. Ulimwuliza swali moja tu.

"Ada inapanda?"

"Hapana, Mama. Inapungua kidogo."

"Basi soma. Baba yako niachie mimi, nitamwambia taratibu."

Hukumwambia taratibu wala haraka. Kila ulipotaka kusema, ulimkuta amevimba kichwa mbele ya wateja, ukarudi na maneno yako tumboni. Hata mimi niliyekuwa nakushikia upande wa pili wa kitambaa hukuniambia. Wazee nao wakaanza kuleta maradhi yao saluni, goti la huyu, uvimbe wa yule, "hebu tuulizie kijana". Baba alikuletea wewe, kwa kuwa mwenye kuongea na mtoto kila wiki ulikuwa wewe, nawe ulikuwa na jibu moja kwa magonjwa yote: "Amesema aende hospitali." Watu wakamsifu, daktari mdogo asiye na makuu. Mzee mmoja alikwenda kweli, wakamwahi, na mpaka kesho anaapa kwamba mdogo wangu ndiye aliyemwokoa.

Hayo tunayakumbuka tunacheka. Siku ya kukuzika hatukucheka. Mdogo wangu alifika asubuhi ileile na begi mkononi, zikiwa zimebaki wiki chache amalize masomo. Tulipokuwa tunakushusha, mdogo wako, Mama Mdogo, alianguka akazimia. Watu wote wakageuka. "Daktari yuko wapi? Mpisheni daktari apite." Wakamsukuma mbele. Baba mwenyewe alimshika mkono, akamwambia, "Haya baba, mwangalie mama yako mdogo."

Alisimama pale mikono ikining'inia. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, ila wote tulisikia, "Baba, mimi si daktari. Nasoma udongo. Mama alijua."

Mama Mdogo alizinduka kwa kupepewa na kumwagiwa maji. Baba alimaliza mazishi, akapokea mkono wa kila aliyempa pole, halafu akaenda moja kwa moja saluni na kuibandua ile picha. Mdogo wangu aliondoka baada ya siku nne bila kuagwa.

Kwa hiyo, Mama, mwaka huu hatukukulilia wewe tu. Mdogo wangu alihitimu, akarudi, akaajiriwa na kampuni ya barabara katika mji mwingine, kupima udongo kabla lami haijamwagwa. Kila Jumapili alipiga simu saa sita mchana, na kila Jumapili Baba, akiwa wima anakunja taulo, alisema, "Mwambie nimelala." Nilichoka, nikamwambia mtoto ni wake na amefaulu.

"Hilo sijalikataa," akanijibu. "Mimi nauliza jingine. Miaka mitatu tunakula meza moja, kumbe mke wangu ananiogopa na mimi sijui. Kwani nilikuwa mtu wa kuogopwa?"

Mwenye jibu ulikuwa wewe.

Halafu kaburi lako likakataa kutulia. Tulilijengea vizuri, mvua ikapita, jua likawaka, saruji ikapasuka katikati. Fundi akabomoa, akajenga upya, akazidisha nondo, na mvua iliyofuata ikalipasua palepale. Watu hawakosi la kusema. Wakaanza kunong'ona kwamba marehemu ameondoka na dukuduku. Siku Baba aliposikia hayo alirudi kutoka makaburini, akakaa kwenye kile kiti kimoja cha wateja, akaniambia, "Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake halali vizuri."

Alifika kesho yake. Alichimba pembeni ya kaburi, akachukua donge, akalilowesha, akalifinyanga kiganjani. Akaeleza huku akiangalia chini kwamba udongo wa pale ni mfinyanzi, ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja, kwa hiyo kosa si la fundi na dukuduku halipo. Uchimbwe, uwekwe mchanga na changarawe, maji yapate pa kupita. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, yeye ambaye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na haya yote mama yako ulimwambia?"

"Kila wiki, kwenye simu. Alikuwa ananihoji kuliko walimu wangu. Alisema siku atakayokueleza lazima awe na jibu la kila swali, maana anakujua, utauliza yote."

Baba aligeuka akalia mbele ya mafundi, Mama, na hakujificha. Tulidhani ulikuwa unamwogopa. Ulikuwa unajifunza udongo ili umtetee mwanao kwa mumeo, na muda haukukutosha. Alipomaliza kulia alichukua koleo. Walichimba wawili siku tatu, mafundi wakiwatazama, na mara chache walizoongea waliongea habari za changarawe. Mvua imenyesha mara mbili tangu hapo na saruji haijapasuka.

Juzi mteja mpya alimwuliza Baba kama yule mtoto daktari bado yupo nje. Baba hakusimamisha mkasi. "Daktari sikuwahi kuwa naye," akasema. "Nina mtaalamu wa udongo. Yeye ndiye aliyemlaza mama yake."

Tunaokukumbuka ni binti yako, ninayeendesha karakana yako na misumari mdomoni vilevile. Mdogo wako, Mama Mdogo, anayeomba radhi kwa kuzimia. Mwanao, ambaye Baba ameagiza aandikwe hapa kama alivyo, mtaalamu wa udongo. Na mumeo, kinyozi.

Tupo nawe leo, na kesho, na miaka yote tutakayopewa.

Nilipomsomea Baba tangazo hili la kumbukumbu aliomba niongeze maneno yake, na nimeyaandika kama alivyoyasema: "Mwambie ningekasirika wiki moja tu. Wiki ya pili ningemwuliza udongo ni nini, na yeye angenijibu."